Kiuno cha Sketi ya Mama

Bibi Honoria Abercairn alikwisha kuwa malkia wa barafu, akawa nyuki, akawa mpaka mnara wa taa, na taa yenyewe inawaka kichwani. Safari hii, kwenye dansi kubwa ya kujigeuza kwa mavazi pale Edinburgh, alitaka kuwa mwanamke muuza samaki wa Newhaven.

"Wenzangu watakuja na hariri," alisema juu ya kigoda, akipimwa. "Mimi nataka kitu chenyewe. Wewe Carnie, si kwenu huko?"

Grizel Carnie, fundi wa miaka ishirini na mbili, mdomo umejaa pini, aliitikia kwa kichwa. Ni kwao. Mama yake, Marion, alipanda mlima kila asubuhi na tenga la samaki mgongoni, mkanda umembana kipaji cha uso, akigonga milango ya jikoni ya mabibi kama huyu. Kashani mwake alikuwa na sketi ya mistari ya manjano na nyekundu, aliyoolewa nayo. Aliivaa kwenye harusi tu.

Angeweza kunyamaza, jamani! Hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo.

"Mama anayo, bibi," akasema. Alitaka kupendwa, basi. Alitaka bibi amwite kwa jina lake.

Aliichukua mama yake akiwa kazini. Bibi Honoria akaivaa, akacheka mpaka machozi, kwa jinsi kiuno kilivyompwaya.

"Loo, mama yako pipa! Punguza hapa."

"Naweza kukunja kwa ndani, bibi, nisikate..."

"Itavimba. Kata."

Grizel akakata vipande viwili, kimoja kila ubavu, upana wa kiganja. Mkono haukumtetemeka hata kidogo, na hilo lilimuuma baadaye kuliko mengine yote.

Dansi ikapita. Bibi alisimulia alivyonadi samaki kwenye ngazi za marumaru na mabwana wakashika mbavu. Grizel naye akacheka. Akaifua sketi kuondoa manukato, akaipasi, akairudisha kashani. Vile vipande alivificha kwenye mkebe wa vifungo.

Siku tisa kabla ya harusi ya Isa, mdogo wake Grizel, Marion akaitoa sketi kuijaribu.

"Njooni muone maajabu! Mama yenu amekuwa nyangumi!"

"Siagi hiyo, Mama," Isa akamtania. "Unakula ukidhani hatukuoni."

"Nyamaza, utafika huku na wewe." Marion alivuta pumzi, akavuta kiuno, wapi! Akamgeukia mkubwa. "Wewe ndiye fundi. Hebu tazama, nguo haijarudi hii?"

Grizel aliinama, akashika mshono wake mwenyewe. Lilikuwa jambo la kusema neno moja tu.

"Haijarudi, Mama. Ni mwili tu."

Kuanzia siku ile Marion aliacha uji. Akaacha mkate, akabaki na chai kavu. Tenga lilikuwa lilelile na mlima uleule.

"Kula, Mama, nakuomba."

"Nile nini, na pipa mimi?"

Grizel alihisi uso unamwaka. Neno lilelile! Jumatano Marion alianguka kwenye mlango wa jikoni wa watu, samaki wakamwagika. Alirudi anachechemea huku anajicheka. Grizel alimfunga goti, amepiga magoti mbele yake, na bado hakusema. Aliogopa uso wa mama yake utakavyokuwa. Kila siku iliyopita iliongeza uzito wa lile neno.

Asubuhi ya harusi kiuno bado hakikufunga. Marion akaivua sketi, akamwekea Grizel mikononi.

"Chukua, mwanangu. Wakati wangu nayo umepita. Vaa wewe."

Ilimkaa barabara, maana kiuno chake na cha Bibi Honoria vilikuwa sawa. Newhaven nzima ikashangilia: "Marion mtupu huyu!" Marion alisimama kando na gauni lake la kazini, akajivunia mtoto.

Alishona miaka mingi baada ya hapo. Aliwavika mabibi wakawa tausi, wakawa wachawi, wakawa wakamua ng'ombe wenye vidole vya pete. Aliyemletea nguo ya mtu mwingine akamwambia aikate, alimrudisha nayo nyumbani. Kwa mama yake alifungua mdomo mara mia, akaishia kuuliza kama chai imepoa.

Marion aliugua tumbo muda mrefu. Alipokufa, Grizel alifungua ule mkebe wa vifungo, akafumua mishono, akaurudishia kila ubavu kipande chake. Vilikuwa bado na rangi kali, na sketi yenyewe ilikwisha pauka. Kisha yeye na Isa wakamvika mama yao.

Sketi ikampwaya.

"Mbona umeipanua?" Isa akauliza. "Huoni Mama amebaki mifupa?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

Isa akavitazama vile vipande viwili, akamtazama dada yake. Akampa pini, na Grizel ikabidi aipunguze upya, ubavu huu na ubavu huu, mahali palepale alipokata.