Picha Niliyonyimwa Mlangoni

Wiki iliyopita nilikwenda Temeke kumpiga picha mzee mmoja, nikachepuka kidogo kwenda kuitazama nyumba ya fundi aliyenifunza kupiga picha. Haipo. Pamesimama ghala la saruji, na pale palipokuwa na chumba chake cha giza cha kusafishia picha pameegeshwa lori. Nikasimama na kamera yangu ya Kijapani shingoni, na badala ya kumlilia fundi, nikajikuta namkasirikia mtoto mmoja wa enzi zile, ambaye leo ana mvi kama mimi.

Unanijua, msomaji, au umenisikia. Studio yangu ya Kinondoni haina mpinzani, na mie shule niliishia darasa la tatu. Nilichonacho nimekipata kwa jicho hili. Lakini jicho nalo lilifunzwa, enzi za Mwingereza, Temeke ikiwa bado mikorosho na nyumba za makuti, asubuhi zikinuka vitumbua vya bibi yangu na michi ikidunda kila ua.

Fundi alitupokea wawili: mie, na mtoto wa karani mmoja aliyehamia kutoka bara. Kamera mwanzoni hatukuigusa. Alitupa kila mmoja boksi tupu la sabuni, limetobolewa huku na huku, akasema tuzunguke nalo. Ukienda kuteka maji, tua ndoo, chungulia boksini. Kivuli cha mtu kinaangukia wapi? Pua inatupa giza upande gani? "Mwanga kwanza, mtu baadaye," alikuwa akisema, mdomo umejaa mhogo wa kuchoma. Mtaa mzima ulitucheka. Bibi alisema nimerogwa na sabuni.

Nilijifunza haraka kuliko mwenzangu, na hilo nalisema bila haya. Lakini yule mtoto alikuwa na viatu. Alizisoma namba ndogo za pembeni ya kamera, mie nikizikodolea macho kama mbuzi. Akikosea yeye, fundi husema, "Si kitu, mwanangu." Nikikosea mie, "We kichwa maji!" Iliniuma, we acha tu.

Basi jirani yetu mwenye duka, mtu wa asili ya Kiarabu, akawa anamwoza binti yake, naye angepelekwa Pangani kwa mume. Mama yake alitaka abaki na picha. Lakini bibi harusi aliyekwisha kuwekwa ndani haonwi na mwanamume, na fundi na ndevu zake asingevuka kizingiti kile. Mtoto, sawa.

"Mmoja wenu ataingia," fundi akatuambia, "na huyo huyo ataisafisha picha. Mie siruhusiwi hata kuichungulia."

Kazi nzima, mikononi mwa mtoto! Roho iliniwaka.

Akatupima: kila mmoja ampige bibi yangu picha moja. Mtoto wa karani alimsimamisha juani, wima kama askari, macho yamefinyana. Mie nikamkalisha mlangoni juu ya mbuzi, akikuna nazi, mwanga ukimjia ubavuni. Nazi yenyewe ungetamani kuila. Fundi akaitazama yangu, akaguna. "Wewe." Mwenzangu akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Siku ikafika. Nikavaa kanzu yangu ya Idi, nikaikumbatia kamera. Mtoto wa karani alinifuata kanibebea kigoda cha kuiwekea. Vigelegele vilisikika ndani, moshi wa udi ukipenya chini ya pazia. Mlangoni alikaa kungwi, yule mama mtu mzima aliyekuwa akimfunda bibi harusi. Na mie nimelelewa; nitampitaje mkubwa bila salamu?

"Shikamoo bibi."

Sauti ikatoka nusu mtoto, nusu beberu. Ilikuwa imeanza kukwaruza siku zile, nikadhani ni mafua.

Kungwi hakuitikia. "Hebu rudia."

"Shikamoo..."

"Makubwa haya! Jamani, huyu dume!" Ndani wakaangua kicheko. "Rudi kwa wanaume wenzio, baba. Wewe ni wa kutafutiwa mke sasa. Na wewe mwenye viatu, salamu yako iko wapi?"

Mtoto wa karani akaitoa shikamoo nyembamba kama filimbi.

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, pita."

Kamera nilimkabidhi kwa mikono yangu miwili. Pazia likashuka.

Alitoka ananukia udi, kiganjani ana halua. Kesho yake akajifungia peke yake chumba cha giza, mie na fundi tumekaa barazani kama wageni, na picha ikaondoka imefungwa ndani ya kanga. Wanawake wakaenda kuiona, bibi yangu akiwemo. Aliporudi nikamuuliza ikoje.

"Yule mtoto ana mkono," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Bibi yangu mwenyewe!

Siku hizi mabibi harusi wanakuja studio wenyewe, uso wazi, wanachagua pazia la nyuma, wanacheka. Makungwi wa kulinda milango hawapo, mikorosho imekatwa. Kazi zangu zimetundikwa kuanzia Ubungo hadi Mbagala, na narudia, mji huu hakuna anayenishinda. Ila kila uso wa bibi harusi unapojitokeza taratibu kwenye dawa, najiuliza kama umeifikia ile. Sijui. Sikuiona, na walioiona hawakuniambia mwanga ulimjia kutoka upande gani.