Kura Kwanza, Kiti Baadaye

Mama mudogo wangu, mdogo wa mama yangu, anauza samaki wakavu katika soko moja la Manika, na ndiye aliyewaambia wenzake kwamba mimi najua mambo. Sikuwa najua. Sikufika chuo kikuu. Nilichonacho nimekiokota kwenye vitabu, na ninaishi kwa hofu kwamba siku moja mtu ataniuliza kitu cha ukurasa nilioruka. Lakini siku ya wanawake ya mwezi wa tatu ilikuwa inakaribia, wanawake wa soko walikuwa wameshashona vitenge vyao vya sare, na walitaka mtu awaeleze wanawake wa nchi yetu walipataje haki ya kupiga kura. Mama mudogo akanitaja mbele ya wote. Ningeshindwa, yeye ndiye angebaki pale kuchekwa.

Nikaenda maktaba ya parokia. Pale kitabu hakitoki nje: unaacha mfuko mlangoni, unakaa kwenye meza moja ndefu, na tata, mzee anayelinda maktaba, anakuletea kitabu kimoja kimoja. Nilifurahi kupita kiasi. Nilisoma kuhusu sheria ya zamani iliyomtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya kazi, nikacheka peke yangu nikimfikiria mama mudogo akiomba ruhusa ya mtu yeyote.

Kisha nikakutana na balaa. Kitabu kimoja kilitaja mwaka. Kingine kikataja mwaka wa baadaye. Mtu mwingine angechagua mmoja akaendelea na maisha yake. Mimi nilikosa hamu ya kula. Nilirudi tena na tena kutafuta kitabu cha tatu kiamue kesi. Hakikuwapo. Simu nayo ilinipa miaka yote miwili, bila haya. Mwishowe nikaamua kwamba kitabu cha pili kimekosea, nikatoa kalamu ya risasi nikisahihishe.

"We mutoto!" Tata akaruka kwenye kiti. "Unaandika mu kitabu ya padiri?"

"Tata, iko na kosa."

"Kosa gani? Soma, nisikie."

Nikamwomba alete tena cha kwanza, nikakisoma kwa sauti, halafu cha pili, polepole kama mwalimu aliyekasirika. Sikufika kwenye nukta, masikio yakaniwaka. Cha kwanza kilisema wanawake waliruhusiwa kupiga kura. Cha pili kilisema waliruhusiwa kugombea. Kwa haraka yangu ya kupata karatasi safi ya kuwasomea wanawake, nilikuwa nimenakili miaka na kuacha maneno.

"Sasa kosa iko wapi?" akauliza.

"Iko hapa," nikasema, nikijigusa paji la uso. Alicheka mpaka msomaji mwingine akafunga gazeti lake.

Siku ya mkutano, wanawake walikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya vibanda, na tata prezida, mwenyekiti wa soko, akakaa mbele, kama kawaida. Karatasi yangu ilikuwa nzuri sana, ila macho yalikataa kuisoma. Nikasema tu nilichokuwa nimeelewa, kwamba tulipewa kura kwanza, haki ya kukalia kiti ikaja baadaye.

Kisha mama anayeuza sombe, majani ya muhogo, akasema, "Ni kusema tulikuwa tunachagua banaume, lakini sisi benyewe, hapana?"

"Njo bile, mama," nikakubali.

"Sawa na hapa kwetu!" mwingine akapaza sauti. "Siku yote tunachaguaka tata tu. Nani alitukataza?"

Wote wakamgeukia tata prezida. Akainua mikono. "Bamama, mi sikukataza mutu! Hamukuombaka!"

"Tunaomba leo!"

Mama mudogo akasimama, akakaza kitenge kiunoni, akatangaza kwamba yeye atagombea kiti hicho. Nilijiona nimeukomboa ulimwengu. Lakini kabla kelele hazijatulia, mama wa sombe naye akasimama.

Uchaguzi ulipofika, mama wa sombe akashinda. Tata prezida mwenyewe alimpisha kiti, akakifuta kwa leso, wanawake wakapiga vigelegele hadi barabarani. Mama mudogo alipiga vigelegele pia, kwa nguvu, ila njiani kurudi nyumbani alitembea mbele yangu bila kugeuka.

"Mama, nilieleza mubaya?" nikauliza.

"Ulieleza muzuri kupita," akasema. "Ungenieleza mi peke yangu."