Bulu Chini ya Macho ya Papa

Jirani anapaka mlango wake rangi, na harufu ile ya mafuta imeniingia puani, ikanikumbusha picha ya Papa, baba yetu, mpaka nikacheka peke yangu.

Kaka alikuwa anaoa. Asubuhi ya siku ya picha, ng'ombe mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, kipenzi cha Papa, alikuwa ameteremshwa kutoka malisho ya Karuba kwenda kwa wakwe kuwa mahari. Papa akavaa koti, akaketi mbele ya mchoraji aliyezoea kupaka vibao vya maduka, akamwambia, "Unifanye mukali. Wakwe watakuja kuona hii picha."

Mchoraji akaanza kazi. Kwenye koti brashi ilikwenda haraka, lakini kwenye uso ikawa inaburuta polepole kuelekea chini, na chini ya macho akaweka rangi ya bulu, kisha bulu tena. Alipoigeuza picha, Papa aliruka kutoka kitini.

"Huyu iko analia! Watasema tunalilia ngombe!"

"Papa, mi napaka kile naona."

Mama alisogea, akaitazama kwa muda mrefu. "Njo yeye kabisa," alisema, akikubali kwamba picha imefanana naye. "Lakini mimi niliugua mwezi muzima, na hii bulu sikuiona chini ya macho yake."

Papa akaamuru uso urudiwe kwenye picha nyingine. Mama akavuta kiti, akaketi nyuma ya mchoraji, akamkazia mumewe macho.

Picha ya pili ndiyo waliyoiona wakwe. Bulu haimo hata tone. Papa anatabasamu kwa meno yote, na kila mstari wa brashi karibu na mdomo unatetemeka, kama mdomo wake ulivyotetemeka mbele ya Mama.