Msumeno wa Watu Wawili

Harufu ya mti mbichi wa mlingoti unaokatwa hunitoa jasho viganjani mpaka leo. Juzi nilikuwa Katoro kununua nguzo za baraza, fundi akawasha chenso, ule msumeno wa mashine, na mimi, mtu mzima na mkoba wangu begani, nikawa tena mtoto nyuma ya nyumba yetu.

Baba alikuwa mchimba dhahabu. Mama alikata matimba, zile nguzo nene zinazouzuia mwamba usiwaangukie watu ndani ya duara. Duara lenyewe, yaani shimo alimoshuka baba, Mama hakuwahi kulitia machoni. Wachimbaji waliamini mwanamke akisogea dhahabu hukimbia, kwa hiyo walimletea tu fimbo iliyokatwa kwa kipimo cha timba. Nyumbani kwetu dhahabu hiyo haikuonekana hata hivyo, sijui ilikuwa inamkimbia nani.

Asubuhi moja ya mvua, Masanja mwenye guta la magurudumu matatu la kubebea mizigo alifika mbiombio na fimbo mkononi.

"Shikamoo, Mama Kabula. Wanataka matimba sasa hivi. Juu kumeanza kumeguka."

"Marahaba. Baba Kabula yuko wapi?"

"Yuko chini, wanashikilia yale ya zamani."

Mama alikuwa na misumeno miwili. Mmoja ulikuwa wa meno madogo, mwepesi, wa kukatia mbao kavu. Mwingine ulikuwa mrefu, wa meno makubwa yaliyoachana, wenye mpini kila upande, na mpini wa pili ulikuwa wa baba. Kwa kuwa baba hakuwepo, Mama alishika ule mdogo. Ulianza vizuri, kisha katikati ya gogo unga mbichi wa mti ukajaa kwenye meno, msumeno ukanasa. Akaulazimisha, ukaenda upande. Gogo lilipokatika, Mama alilaza kiganja pale lilipokatwa, akahisi limeenda upande, akalisukuma kwenye kuni.

"Mayu, mama yangu, nipe hilohilo," Masanja alimsihi. "Watu wako chini!"

"Hilo halipandi kwenye guta lako. Kabula, shika huku."

Nilimchukia Mama dakika ile. Niliona anamuua baba kwa kupenda kazi nzuri. Nilishika mpini wa baba, uliokuwa umelainika pale kiganja chake kilipozoea kukaa.

"Vuta tu, usinisukumie. Ukisukuma unapinda."

Mikono yangu ilitaka kusukuma, tumalize upesi. Nikajizuia, nikavuta, nikaachia, nikavuta. Meno makubwa yalitema vipande vibichi miguuni mwetu. Kila timba Mama aliligusa kwa kiganja kabla ya kulipakia. Masanja aliondoka bila hata kuaga.

Uji wetu uliganda. Mama alikaa akinoa kwa tupa msumeno uliokuwa mkali tayari, na mimi nilisikiliza kila pikipiki iliyopita barabarani.

Baba alirudi jua halijazama, tope hadi masikioni. Nilingoja Mama apige kelele, amkumbatie. Alimtazama tu kutoka miguuni hadi kichwani.

"Yamekaa?"

"Yamekaa."

"Yote?"

"Yote, Mama Kabula."

Akaenda kumwekea maji ya kuoga. Niliona uchungu kwa niaba ya baba. Mtu ametoka chini ya ardhi, anaulizwa habari za magogo!

Nilipokua ndipo nikajua kwamba timba lililokatwa upande hugusa mwamba kwa ukingo mmoja tu, na watu hupita chini yake wakiliamini. Lakini lile swali la Mama lilichelewa zaidi kuniingia. Niliolewa na dereva wa lori anayepakia mizigo Isaka. Siku moja ya mvua kubwa alinipigia simu akiwa njiani, na badala ya maneno yote niliyokuwa nayo moyoni, nikajisikia nikimuuliza, "Breki zinashika?"

"Zinashika," akasema.

Nikakaa chini palepale jikoni, nikalia, nikamkumbuka Mama na tupa yake.