Meno Ishirini na Tatu

Harufu ya mahindi ya kuchoma ikiingia dukani kwangu, chakula hunikataa siku nzima. Nauza spea za magari hapa Oyugis. Duka nimelijenga mwenyewe kwa elimu yangu ya darasa la pili, sitaki pole ya mtu. Lakini hii nitawaambia.

Gari la baba lilikuwa kuukuu, la foo-wili, na kwetu Lambwe mvua ikinyesha ndilo peke yake lililotoka kwenye ule udongo mweusi. Likafa transfa, ile gia boksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Mkunga alishasema mtoto amekaa vibaya, azaliwe hospitali, Homa Bay.

Fundi akasema transfa ya mtumba iko Migori, ila meno ya shafti lazima yalingane. Baba hakujua kalamu. Akachukua hindi la kuchoma nililokuwa natafuna, akabandua punje moja kwa kila jino, akazifunga kwenye leso. Mifuko yake ilikuwa imetoboka, kwa hivyo nikashika mimi.

Safari ilikuwa ndefu. Nilikula punje mbili tu.

Migori muuza vyuma alicheka. "Mzee, umekuja kununua spea ama kupika githeri?"

"Wewe panga, kijana. Utacheka baadaye."

Kwenye transfa ya kwanza meno mawili yalibaki wazi. Akairudisha chini ya meza. Ya pili ikaenea sawasawa, ishirini na moja. Tukabeba hiyo.

Nyumbani ikagoma kuingia. Baba akafungua leso, akapanga punje kwenye shafti ya gari, pole pole. Meno mawili yakabaki wazi. Akaniangalia mdomo, kisha akamwambia fundi, "Nilihesabu vibaya mimi."

Uchungu ulimshika mama kabla ya siku zake. Wanaume walimbeba na kitanda mabegani, matope magotini. Homa Bay hakufika, wala mtoto.

Ukoo ulimsema baba mpaka akazeeka: yule aliyepima gari kwa mahindi. Naye tangu hapo hakunituma popote, hata kisimani, kabla ya kusema, "Nyara, kula kwanza." Binti yangu, kula kwanza. Mimi nilidhani ni huruma ya mtu aliyefiwa.

Juzi nilikuwa namtuma mjukuu sokoni, nikasikia mdomo wangu ukisema maneno yale yale. Nikakaa chini kwenye gunia la bolti. Mzee alijua tangu siku ile, na mimi nilimzika bila kumwomba msamaha.