Doti Tatu Zilichukua PF3 Tatu, ya Nne Sikuitoa

Jina langu lifichwe, mengine yote yaacheni kama nilivyoandika. Nina miaka ishirini na sita, naishi Makorora na mume, mama mkwe na wanangu wawili, mdogo bado ananyonya. Kazi yangu bajia za asubuhi. Mkiona herufi zimerukwa mnisamehe, naandika kwa kushoto, mkono wa kulia umevunjika.

Mume wangu hunipiga. Si siri, majirani ukuta wetu mmoja. Mara tatu nimekwenda dawati la jinsia pale polisi, nikapewa PF3, daktari akaijaza. Ile fomu lazima irudi polisi ndipo kesi iende. Yangu haikurudi hata moja. Kila nikitoka hospitali namkuta mama mkwe kakaa kitandani kwangu, doti mpya ya khanga mapajani, katumwa na mwanawe. "Mwanangu, nipe karatasi uchukue khanga. Hapa petu mambo huishia ndani." Nikatoa. Akaitia kwenye jiko la mkaa, kisha tukala pamoja. Ndilo kosa langu, nalikiri mbele yenu.

Na mjue, simchukii. Uzazi wangu wote wawili ndiye aliyenikanda maji ya moto, na nikiwa kwenye bajia watoto analea yeye.

Wiki iliyopita mume alinivunja mkono mbele ya mama yake. Nikaenda polisi, nikaenda hospitali, narudi, doti ya nne inanisubiri. Nikamwambia, "Mama, leo sitoi."

Hakugomba. Alinishika mkono mzima, akanipeleka chumbani kwake, akafungua sanduku. Khanga tupu, zinanukia udi, hazijakatwa, hazijapindwa. Doti kumi na moja.

"Hizi mbili," akasema, "za miaka ile ya foleni. Wenzangu wanaamkia duka la ushirika wanarudi mikono mitupu, mimi khanga inanifuata nyumbani!" Akacheka. "Hizi nyingine za wakati wa ruksa, maduka yamejaa. Marehemu mume wangu hakuwa bahili."

"Mbona hujavaa hata moja, mama?"

Kicheko kikakatika. "Utazivaaje?" Akafunga sanduku.

Jamani, niliona uzee wangu umekunjwa mle ndani. Nikarudi chumbani, nikachukua doti zangu tatu na mkasi, binti yangu akanishikia pembe. Sasa ni nepi. Kesho yake fomu nikaipeleka mwenyewe. Afande wa kike akaniangalia. "Safari hii utaendelea, dada, au tutaonana tena?" Nikamwambia, "Andika." Mume yuko nje kwa dhamana, kahamia kwa kaka yake, anasema niliteleza chooni.

Kwa hiyo msiniandikie nivumilie kwa ajili ya watoto. Kwa ajili yao ndiyo nimekwenda. Ninalouliza ni hili: aliyeona kwa macho ni mama mkwe peke yake. Tangu siku ile uji wangu ananiwekea, lakini hatuongei. Leo asubuhi nimemkuta anaanika zile nepi, moja moja, anazinyoosha kwa kiganja kama khanga za sikukuu. Nataka nimwambie, "Mama, twende ukaseme." Kinywa kinakuwa kizito. Mzazi anaombwaje akamshuhudie mwanawe wa kumzaa? Kesi sifuti, hata akikataa. Ila nataka twende naye. Nishaurini, nianze na neno gani?