Programu Isiyoijua Hudade

Asnakech Dubale hakuwa mtu wa hasira. Nasema hivyo kwa kuwa nilikuwa napima maziwa kwenye maabara ya kiwanda chetu cha maziwa cha Sululta, nje kidogo ya Addis Ababa, ukuta mmoja na ofisi yake, na kwa miaka mingi nilichokisikia kutoka kule ni kicheko. Hasira alitiwa. Alitiwa kidogokidogo, na watu waliokuwa wakimwita nguzo ya kiwanda.

Alisomea kompyuta Bahir Dar, akaajiriwa kwetu kutengeneza mashine za ofisini zikiharibika. Siku hizo maduka ya Addis Ababa yaliagiza maziwa kwa simu, karani akaandika alivyosikia, na lori likifika mjini dereva ndiye aliyeamua nani apate nini. Asnakech akaunda programu ya kiwanda bila kuagizwa na mtu. Ilijua maduka, ilijua njia zinazoharibika mvua zikianza, na zaidi ya yote ilijua kufunga. Kwetu Jumatano na Ijumaa Mkristo hagusi maziwa, na ikiingia Hudade, ule mfungo mrefu wa kabla ya Pasaka, maduka mengi hayaagizi kabisa. Programu ilikuwa ikipunguza ukusanyaji mapema, wafugaji wakaarifiwa, na maziwa yaliyozidi yakaenda kwenye siagi.

Mwenye kiwanda, mzee tuliyemwita Gashe Demissew, aliisifu kila alipopata wageni. Lakini Asnakech alipoomba mtu wa pili, ili ujuzi ule usikae kichwani mwake peke yake, aliambiwa mwakani. Mwaka uliofuata akaambiwa hivyo hivyo.

Kisha mama yake akafariki, huko Gojjam. Programu ikakwama siku ya mazishi. Akapigiwa simu akiwa kwenye turubai la msiba, amevaa nguo nyeusi, akaanza kumwelekeza karani abonyeze wapi huku waombolezaji wakimtazama. Shangazi yake alimwambia, "Mama yako anazikwa mara moja tu. Zima hicho kidude." Hakukizima. Alinisimulia baadaye kwamba hata sauti ya padri hakuisikia vizuri.

Aliporudi hakuna aliyemwomba radhi. Badala yake akaitwa kikaoni, nami nilikuwepo kwa niaba ya maabara. Meneja mpya, Bwana Henok, au Ato Henok kama tunavyosema kwetu, mkwe wa Gashe Demissew, alikuwa amepata hoja. Akasema kiwanda kizima kinaning'inia kwa mtu mmoja, akiugua kinaugua. Dawa ni kununua programu iliyokamilika kutoka ng'ambo, yenye kampuni nyuma yake.

Hoja yenyewe haikuwa ya kijinga, na Asnakech hakuikataa yote. Alisema programu ya mishahara na mahesabu inunuliwe, hata yeye amechoka nayo, maana mshahara hulipwa namna ileile kila mahali. "Lakini maziwa mangapi yakusanywe, na lini, hiyo ndiyo biashara yetu," alisema. "Hakuna mtu wa ng'ambo atakayetuuzia Hudade."

"Asnaku, wewe unatetea kiti chako," Ato Henok alimjibu. "Tuzungumze kiwanda."

"Nimeomba mtu wa pili mpaka nimeona aibu kuomba. Nyumba mmeinyima nguzo, leo mnaniambia inayumba?"

Gashe Demissew alikuwa akiangalia kikombe chake cha kahawa. Siku chache baadaye akatia saini, wakanunua programu ya ng'ambo kwa kazi zote, ukusanyaji wa maziwa nao.

Programu ya Asnakech ikazimwa, naye akapewa kazi ya kubadilisha wino wa printa. Hudade ilipokaribia alimfuata Ato Henok akamwambia kuwa mwaka huu inaingia mapema kuliko mwaka jana, na programu mpya inaangalia tarehe za mwaka jana tu. Ato Henok akawaandikia wauzaji. Wakajibu kwamba ombi lake litafikiriwa katika toleo lijalo, na kwamba mteja akiigusa programu mwenyewe, dhamana inakufa. Basi akaamuru isiguswe.

Hudade ikaingia. Programu ikaagiza maziwa yote, kama siku ya sikukuu. Matangi yakajaa, mashine za siagi zikazidiwa, na mimi maabara napima maziwa mazuri yasiyo na pa kwenda. Kufikia mchana walinzi wakaanza kuwarudisha wafugaji. Mmoja wao, Yeshimebet, mjane mwenye ng'ombe wawili, hakugombana na mtu. Aliinamisha dumu lake na kumwaga maziwa kwenye mtaro mbele ya geti, taratibu, mpaka tone la mwisho. Asnakech alisimama akimtazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukikaza vile.

Jioni ile tukaitwa kikaoni tena, na Ato Henok alisema, "Mfumo umetuangusha."

"Mfumo haukujichagua," Asnakech akasema. "Mliuchagua ninyi, kwenye meza hii hii, na mimi nikiwepo."

Gashe Demissew akamuuliza kwa upole, "Binti yangu, ile yako inaweza kuwashwa?"

"Inaweza, Gashe. Lakini siiwashi mpaka watu wawili wakae pembeni yangu wajifunze. Leo, siyo mwakani."

Mzee akasema watalitazama. Asnakech akachukua mkoba wake akatoka. Nilimkimbilia nje nikamwambia wafugaji wanaumia. Akanigeukia. "Usinibebeshe mzigo wao," alisema. "Kila mtu humu akishindwa huja kunitafuta niwe na huruma. Nenda kawatafute waliotia saini."

Nikarudi maabara, maana hata mimi kikaoni sikuwa nimefungua mdomo.

Kesho yake Gashe Demissew alimpigia simu mwenyewe. Mahlet wa uhasibu na Tsegaye wa ghala wakahamishiwa kwake, na programu ikawashwa. Ile ya kununua ikabakizwa kwa mishahara na mahesabu, na haki isemwe, kazi hiyo inaifanya vizuri.

Ato Henok bado ni meneja. Wageni wakija huwaeleza jinsi alivyobuni njia ya kuchanganya cha kununua na cha kuunda nyumbani. Yeshimebet hakuombwa radhi na mtu. Maziwa yake sasa huyapeleka kiwanda kingine. Asnakech huwafundisha Mahlet na Tsegaye kila asubuhi, kwa sauti kali kuliko inavyohitajika, nao wameizoea. Nikipita dirishani kwake ananiitikia salamu bila kuinua macho.